Anayekwenda Jeshini Hakimbii Kalamu

Wiki mbili zilizopita, wakati wa mapumziko ya saa nne, mvulana mmoja wa kidato cha nne aliletwa katika majilisi ya walimu aeleze ni kwa nini hakuwasilisha insha yake kwa mara ya tatu mfululizo. Hakutafuta visingizio. Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema kwa upole kwamba haoni haja ya kujisumbua na insha kwa kuwa yeye, Mungu akimjalia, atajiunga na jeshi, na jeshini hakuna kalamu. Walimu waliangua kicheko. Mwenzangu mmoja akatia chumvi kwa kusema kwamba kwa alama ya D na mbio zake za asubuhi, kijana huyo tayari ni askari nusu. Nami nilicheka pamoja nao.

Kicheko kile kilikuja kunisuta jioni. Mtaani ninakoishi, nje kidogo ya mji wa Gilgil, mna wastaafu wengi wa jeshi, na aliye karibu nami zaidi ni sajini mwandamizi aliyelitumikia taifa hili kwa miaka 22. Nilikwenda kwake kuazima jeki, na katika kuzungumza nikamsimulia kisa cha mvulana yule, nikitarajia kwamba atacheka kuliko sisi. Hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, akaniuliza, "Sasa mwalimu, wewe kijana ulimjibu nini?" Sikuwa na jibu. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati ambalo juu yake jina lake na namba yake ya jeshi viliandikwa kwa rangi nyeupe iliyoanza kufifia.

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na vyeti 17 na madaftari yasiyopungua thelathini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa zaidi ya robo karne, na nina vyeti vitatu. Naam, vitatu, na cha mwisho nilikipata kabla sijaoa.

Tuliketi hadi usiku tukivipitia kimoja kimoja, naye akinieleza kila kimoja kilimtoka wapi. Cha kwanza kilitoka katika chuo cha makurutu kilichoko Eldoret. Huko, zaidi ya kwata na shabaha ambazo sisi raia hudhani ndizo jeshi lote, alisomeshwa ramani na dira, huduma ya kwanza, usafi wa kambi na sheria zinazomtawala askari. Kisha akapelekwa chuo cha ufundi cha jeshi kule Embakasi, akajifunza injini za dizeli tangu kuifungua hadi kuifunga, na kuandika ripoti ya kila kifaa alichokigusa. Kabla ya kushonewa utepe wake wa kwanza alifanya kozi na mtihani. Kabla ya kuwa koplo mwenye tepe mbili, kozi nyingine. Kabla ya kuwa sajini, nyingine tena, na hiyo ilikuwa na hesabu za bohari, uandishi wa barua rasmi na namna ya kumsikiliza askari aliyefiwa au aliyeachwa na mkewe. Halafu zikaja kozi za ukufunzi, za sheria za vita, za kulinda amani, na nyingine ambazo hata yeye alihitaji kuvaa miwani ili akumbuke zilihusu nini.

Lililonishangaza zaidi ya wingi wa kozi hizo ni mpangilio wake. Askari wa kawaida hufunzwa kutenda kwa mikono yake mwenyewe. Koplo hufunzwa kuitumia mikono ya watu wanane au kumi. Sajini wa platuni hubebeshwa jukumu la watu wapatao thelathini, pamoja na jambo moja gumu ambalo raia wachache hulifahamu: kumlea kiongozi wake. Maana luteni kijana atokapo Lanet na nyota yake mpya begani, ndiye mkubwa kwa cheo, na sajini mwenye mvi humpigia saluti kila asubuhi. Lakini ni sajini huyo huyo anayejua ni askari yupi anayeficha jeraha la goti, ni gari lipi litakalokwama mtoni, na ni amri ipi ambayo, ingawa imeandikwa vizuri, haitekelezeki. Inambidi amfunze mkubwa wake bila kumvunjia heshima mbele ya wadogo. "Hiyo kozi," jirani yangu alisema, "haina cheti, lakini usipoifaulu platuni yote inaumia." Nilimfikiria mwalimu mkongwe na naibu wa mwalimu mkuu aliyeletwa jana kutoka shule nyingine, nikatamani sisi pia tungekuwa na mahali pa kuisomea.

Sasa niwaombe walimu wenzangu wanivumilie, kwa maana hapa ndipo nilipochomwa hasa. Katika madaftari yale mlikuwa na moja la kozi ya ukufunzi. Kila askari anayepanda cheo lazima ajue kufundisha, kwa kuwa kesho yake atakabidhiwa watu wa kuwafundisha. Sajini wangu alinisomea hatua nne alizokariri miaka hiyo yote, hatua ambazo majeshi yenye asili ya mafunzo ya Kiingereza huzitumia katika somo lolote la stadi: eleza, onyesha, waige, wafanye mazoezi. Nikamwambia kwamba hayo hata sisi tulifundishwa chuoni. Akanitazama kwa jicho la huruma, akaniuliza, "Na mwalimu, katika dakika 40 zako, dakika ngapi ni zao za mazoezi?" Nilifanya hesabu kimoyomoyo nikaona afadhali nisiitaje. Ukweli ni kwamba wengi wetu hueleza, hueleza tena, kisha kengele ikalia.

Jingine lilihusu swali. Sisi huingia darasani tukasema, "Wewe, Fulani, taja aina za viambishi." Mara tu jina litajwapo, wanafunzi 49 waliosalia hupumua na kurudi katika usingizi wao, kwa kuwa shoka limeangukia shingo ya mwingine. Mkufunzi wa jeshi hukatazwa kufanya hivyo. Huuliza swali kwanza, na kulielekeza kwa wote. Kisha hunyamaza. Ukimya huo, kwa mujibu wa sajini, ndio somo lenyewe, kwa sababu ndani yake kila mtu analazimika kulitafuta jibu asije akaaibika. Baada ya hapo ndipo jina linapotajwa. Nimeyajaribu haya kwa siku tisa sasa katika kidato cha tatu, na ningependa kuungama kwamba sekunde tano za kunyamaza ndizo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuifanya mbele ya ubao. Sisi walimu hatuuwezi ukimya. Lakini jana msichana mmoja aketiye nyuma kabisa, ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake, alinijibu kwa ufasaha ulioniacha nimeshika chaki hewani.

Kuna na desturi ya mapitio ya baada ya zoezi, iliyostawishwa katika jeshi la Marekani katika miaka ya 1970 na 1980 na ambayo sasa imeenea katika majeshi mengi. Zoezi likimalizika, watu huketi chini, wakaulizana: tulikusudia nini? Kilitokea nini? Kwa nini? Tutafanyaje siku nyingine? Katika kikao hicho askari wa mwisho kabisa anaweza kusema kwamba ishara ya afisa ilichelewa, na afisa akayaandika. Je, ndugu msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoketi na darasa lako baada ya mtihani wa majaribio, mkaulizana si nani alipata ngapi, bali ni nini kilichotokea?

Nisije nikaonekana kama ninayelipamba jeshi kwa maua. Nina sababu za nyumbani za kulitazama kwa macho mawili.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Ndivyo wazee walivyokiita kile kikosi cha wakoloni kilichoundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Afrika Mashariki ilitoa askari waliozidi robo milioni, na waliotoka Kenya pekee walikaribia laki moja. Babu alisafirishwa kutoka Mombasa hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akapelekwa Burma mwaka wa 1944. Alipoondoka kijijini hakujua herufi. Aliporudi alikuwa akisoma gazeti la Baraza, lile lililoanza kuchapishwa mwaka wa 1939, huku wazee wenzake wamemzunguka chini ya mti.

Alijifunzia wapi? Jeshini. Waingereza walikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kuwasomesha askari wao wadogo. Kikosi chao cha walimu wa jeshi kiliundwa mwaka wa 1846, na katika karne hiyo hiyo wakaweka vyeti vya elimu vya madaraja matatu, askari akiwa hawezi kupanda cheo bila cheti cha daraja lake. Katika vita hivyo vya pili waliunda pia kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, na Shule ya Jeanes pale Kabete, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 kwa ajili ya walimu wa vijijini, ikatumiwa kuwaandaa walimu wa askari. Mahali hapo pakaja kuwa Taasisi ya Utawala mwaka wa 1961, na leo ndipo penye Chuo cha Serikali cha Kenya. Watumishi wa umma wanaokwenda huko kwa kozi za kupandishwa vyeo huenda hawajui kwamba wanakanyaga nyayo za makoplo.

Babu alikuwa akisema kwamba hakusoma kwa kuipenda elimu. Alisoma kwa sababu alichoka kumlipa mtu sigara ili amwandikie barua, halafu ile barua isomwe tena na mzungu wa kukagua barua kabla haijafika kwa bibi. "Nilitaka apungue mmoja," alikuwa akisema. Mwalimu wa lugha anaweza kutumia mwongo mzima akitafuta lengo la somo lililo wazi kuliko hilo.

Hata hivyo wakoloni waliigawa elimu hiyo kwa kijiko. Katika kuandikisha askari waliwakwepa vijana waliosoma shule za misheni, wakiwaona wabishi, na kuwapendelea wale waliodhani ni watiifu kwa kuwa hawakusoma. Walitaka askari ajue kusoma alama za barabarani na orodha ya bohari, asisome zaidi ya hapo. Ila herufi hazina utiifu huo. Waruhiu Itote, aliyejiunga na Keya mwaka wa 1942 na kufika cheo cha koplo, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1967 jinsi alivyoulizwa na askari mmoja Mwingereza huko vitani ni kitu gani hasa anachopigania. Swali hilo halikuwa katika silabasi yoyote. Alirudi nyumbani nalo, na miaka michache baadaye nchi nzima ikamjua kwa jina la Jenerali China. Alipokuwa kifungoni Lokitaung baada ya kukamatwa mwaka wa 1954, aliendelea kusoma, na mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa mfungwa mwenzake, Jomo Kenyatta. Baada ya uhuru alitumikia katika uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani akarudi tena kwenye kazi ya kuwafunza vijana.

Mwaka wa 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari wake waliorudi vitani, na zaidi ya milioni mbili kati yao wakaingia vyuoni, ingawa askari weusi wengi wa nchi hiyo walizibiwa milango. Babu yangu alipigana katika vita hivyo hivyo, upande huo huo. Alirudi na koti zito la jeshi, blanketi moja na cheti cha kusoma na kuandika. Alikwenda na cheti hicho kuomba ukarani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Aliambiwa kwamba karatasi ya jeshi ni ya jeshi. Alirudi akailaza katikati ya kurasa za Biblia, na humo ndimo tulimoikuta tulipomzika.

Nimelitaja hilo la ukarani kwa makusudi, nitalirudia hivi punde.

Kuna tofauti kati ya mafunzo na elimu ambayo lugha yetu inaijua, ila ndimi zetu huisahau. Mafunzo humwezesha mtu kutenda bila kusita lile alilokwisha kulitenda mara mia. Elimu humwezesha kusita pale panapostahili. Askari anahitaji zote mbili, na anayepewa moja tu ni hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jirani yangu alikuwa Sierra Leone na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Siku moja, kwenye kizuizi cha barabarani, alitokea mbele yao mtoto wa miaka kama kumi na miwili aliyebeba bunduki. Mkono wa sajini, kwa jinsi ulivyofunzwa tangu Eldoret, ulikwisha kufika kwenye silaha kabla akili haijasema neno. Kilichoukomesha, alisema, ni saa mbili za darasa moja la sheria za vita alilolihudhuria akisinzia, ambamo mkufunzi alizungumzia watoto waliolazimishwa kupigana. Alimsemesha yule mtoto. Akamwita mwanangu, kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto hakuijua. Bunduki ikawekwa chini. Wenzake hawakuwa wamepumua. Aliponisimulia hayo hakutaja ushujaa hata kidogo. Alitaja tu kwamba hajui angekuwa nani leo kama siku ile ya darasa angekuwa mgonjwa.

Nchi zetu zimelipa gharama ya kuyatenganisha haya mawili. Keya ilikuwa hodari wa mafunzo. Ilimchukua Idi Amin mwaka wa 1946, ikamnoa katika kwata, vita vya msituni na ngumi, ikampa cheo cha afendi mwaka wa 1959, cheo kilichobuniwa katika miaka hiyo ya 1950 ili Mwafrika awe juu ya sajini meja lakini chini ya afisa kamili. Kutokana na neno hilo lenye asili ya Kituruki ndipo tulipopata "afande" wetu wa leo. Mwaka wa 1961 akapewa kamisheni, kwa haraka, kwa kuwa uhuru ulikuwa mlangoni na wakoloni walikuwa wamekaa miongo sita bila kuandaa maafisa wa Kiafrika. Yaliyofuata tangu mwaka wa 1971 kila mwanafunzi wa historia anayafahamu. Sisemi kwamba darasa lingemfanya Amin malaika. Nasema jeshi lililomkuza lilipima mabega yake kwa miaka 15 na halikujishughulisha kupima kingine.

Hapa kwetu, usiku wa Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kambi ya Lanet waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Walilalamikia mishahara, vyeo na kuendelea kuamriwa na maafisa wa Kiingereza. Ngazi ilikuwapo, lakini ilikatwa katikati, na waliokuwa juu yake waliziona nyota bila kuambiwa ni kozi gani inayoelekea huko. Wapo waliovuka. Joseph Ndolo, aliyeanza chini kabisa, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la Kenya mwaka wa 1966. Jackson Mulinge, naye wa kuanzia chini, alifika ujenerali. Lakini idadi ya waliovuka ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na walioachwa.

Msomaji makini atanikatiza hapa na kuuliza: je, wale wa Agosti 1, 1982 hawakuwa wamesoma? Swali ni la haki. Jaribio lile la mapinduzi liliongozwa na vijana wa jeshi la anga, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, hakuwa afisa bali askari wa vyeo vya chini. Jeshi la anga lilihitaji mafundi, na mafundi walihitaji kuwa wamekaa darasani. Basi sitadai kwamba elimu humfanya askari awe mtulivu. Pengine hufanya kinyume. Nadhani kinachowasha moto ni elimu inayopanda wakati heshima na usikilizwaji vimesimama pale pale, na hilo, walimu wenzangu, halihusu kambi peke yake. Liko hata katika shule ambazo wanafunzi wake huchoma mabweni.

Wamarekani, baada ya kuungua vidole huko Vietnam, walifungua mwaka wa 1972 chuo cha masajini meja pale Fort Bliss, Texas, na darasa la kwanza likaanza Januari 1973. Walikuwa na vyuo vya maafisa tangu enzi za mababu. Sajini walikuwa wakimwacha ajifunze kwa kutazama. Sasa wana ngazi kamili ya kozi tangu koplo hadi sajini meja, askari hathibitishwi katika cheo kabla ya kozi yake, na anayehitimu kozi ya juu kabisa anaweza kutoka na shahada ya kwanza. Shahada hiyo inatambulika nje ya kambi sawa na yoyote nyingine.

Hapo ndipo ninaporejea kwenye karatasi ya babu.

Sajini wangu alistaafu akiwa na miaka arobaini na kitu, mwenye nguvu zake zote. Taasisi moja ya ufundi isiyo mbali na hapa ilitangaza kwamba inatafuta mkufunzi wa injini za dizeli. Alipiga pasi shati lake, akabeba vyeti vyake kumi na saba, akaenda. Aliyempokea alivitazama kwa heshima, akavirudisha, akamwomba stashahada. Hakuwa nayo. Alieleza kwamba amefundisha injini hizo hizo kwa miaka minane, kwamba baadhi ya wanafunzi wake sasa ni wakubwa wa karakana. Akaambiwa kwamba karatasi za jeshi ni za jeshi. Maneno hayo hayo! Kati ya yale aliyoambiwa babu na haya imepita miaka sabini na ushei, bendera imebadilika, wimbo wa taifa umebadilika, ila karani ni yule yule.

Leo sajini huyo analinda lango la ghala la mahindi usiku. Hailalamikii kazi hiyo. Mimi ndimi ninayelalamika.

Na ninalalamika nikijua kwamba sheria ipo. Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma, na mojawapo ya mambo yanayokusudiwa humo ni kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya njia ya kawaida ya darasa, awe fundi wa jua kali au askari. Wazo ni jema mno. Lakini sheria ikiwa Nairobi na karani akiwa hapa, katikati mna barabara ndefu. Ningependa wanaohusika waniambie, hadharani, ni dirisha lipi ambalo sajini wa Gilgil atalibisha akiwa na sanduku lake la bati, ni nani atakayempima, kwa siku ngapi, na kwa ada gani. Aidha ningeomba jeshi lenyewe, ambalo tangu mwaka wa 2021 lina chuo kikuu chake cha ulinzi, lisiwafikirie maafisa pekee katika mambo ya shahada. Kozi za koplo na sajini ziandikwe kwa lugha ambayo vyuo vya kiraia vinaielewa: saa ngapi, umahiri gani, kiwango gani. Kazi hiyo si ya bunduki, ni ya kalamu.

Walimu nao wasijione wako nje ya lawama. Mafunzo ya kila mara kwa walimu yalipozinduliwa mwaka wa 2021, tulipiga kelele, nami nilikuwa katika mstari wa mbele. Suala la ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka lilikuwa la haki, na bado naamini mwajiri ndiye wa kulipa, kama jeshi linavyomlipia koplo wake. Lakini katika mikutano ile nilisikia pia sauti nyingine, hata yangu mwenyewe, ikisema: tulishasoma, tunasomea nini tena? Nikiikumbuka sauti hiyo mbele ya yale madaftari thelathini, uso unanisawijika.

Jumatatu nilimwita yule mvulana wa kidato cha nne. Sikumchapia maneno. Nilimweleza kwamba nina jirani ambaye angependa kumwona, na Jumamosi asubuhi nikampeleka. Mzee alimkagua kuanzia viatu hadi kola, akamwonyesha kigoda, kisha akamkabidhi daftari moja kuukuu na kumwambia asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ilikuwa ripoti ya gari lililokwama mtoni, ukurasa mmoja na nusu, hatua kwa hatua, na saini chini.

"Hii ni nini?" sajini akauliza.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikihesabu. Ilifika sekunde ya sita.

"Ni insha, afande," kijana akasema.

Insha yake niliipata Jumanne. Ina makosa ya hijai kumi na manne, na leo jioni anakuja nyumbani tuyapitie.